Bibi Salme: Binti wa Seyyid aliyeikosa harufu ya kwao

Mgeni aingiapo Homa Bay saa za jioni hupokewa na harufu ya ziwa: samaki, matope na moshi wa kuni. Nilikuwa nikipita mtaa mmoja wa mji huo, nyuma ya soko, nilipokutana na harufu ambayo sikuitazamia kabisa. Ilikuwa harufu ya asumini. Nilitazama huku na huku, nikaona mbele ya nyumba moja ya bati makopo manne ya mafuta ya kupikia yamejazwa udongo. Mawili yalikuwa na miasumini, la tatu lina mrihani na la nne mwaridi mwekundu.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa Mombasa aliyemfuata mumewe bara kwa ajili ya kazi. Kabla ya hapo walikuwa wamekaa Migori, kwenye barabara iendayo mpakani Isebania. Alinieleza ya kuwa kila wanapohama, makopo hayo hupakiwa garini mwanzo, kabla ya vitanda na masufuria. Sikumwuliza sababu. Mtu wa pwani haulizi jambo kama hilo.

Ndugu msomaji, njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimfikiria Bibi Salme binti Said, binti wa mtawala wa Unguja, ambaye Ulaya walimwita Emily Ruete. Wengi tunakijua kisa chake cha kutoroka na Mjerumani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba bibi huyu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kueleza kwa kalamu yao wenyewe jinsi nyumba za pwani yetu zilivyotiwa manukato kwa maua ya uani. Aliyaandika hayo akiwa mbali, katika nchi ambayo maua hayo hayamei. Maisha yake yana funzo kwa kila aliyeiacha pwani, na ndiyo sababu ya kuyasimulia hapa.

KUZALIWA MTONI

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, lililoko ufukweni kaskazini ya mji wa Unguja. Babake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule yule aliyewahimiza watu wapande mikarafuu mpaka Unguja na Pemba zikajulikana dunia nzima. Mamake, Bibi Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Alitekwa utotoni katika vita vya nchi yake, akatenganishwa na jamaa zake, akauzwa, na mwisho akafika Unguja. Salme alikuwa miongoni mwa watoto wa mwisho wa mzee huyo. Seyyid Said alipofariki aliacha watoto 36 walio hai.

Mtoni ilikuwa kama mji mdogo. Uani walitembea tausi, paa na mbuni, na kijito cha maji kilipita humo humo. Kulikuwa na mabafu makubwa ya kuogea, na mbele ya mabafu hayo ilisimama michungwa mirefu yenye matawi mazito. Watoto waliipanda na kujificha ndani yake walipotaka kuwakwepa waliowatafuta. Lugha nyingi zilisikika humo: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi na Kinubi. Aliyekuwa na amri juu ya nyumba nzima alikuwa Bibi Azza binti Sef, mke mkuu wa Seyyid.

Binti huyu basi alikua katika nyumba ambamo ua la mchungwa halikuwa pambo la kutazamwa tu. Lilikuwa kitu cha kutumiwa, kama vile chumvi jikoni.

NGUO ZILIZOLALA NA MAUA

Katika kitabu chake Bibi Salme anaeleza habari ya mavazi ya mabibi wa jumba. Nguo za kuvaliwa kesho zilitayarishwa tangu usiku. Zilifunikwa maua mabichi ya asumini na ya mchungwa, zikalala nayo mpaka asubuhi. Kabla ya kuvaliwa zilifukizwa kwa ambari na miski. Kwa maoni yake, ilikuwa vigumu kupata mahali pengine duniani ambapo watu hupenda manukato kuliko huku kwetu Mashariki.

Wasomaji wetu wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja hawataona ajabu katika hayo. Hata hivyo kuna elimu ndani yake. Ua la asumini hufumbuka jua likishatua, na harufu yake huzidi kadiri usiku unavyokwenda. Alfajiri huwa tayari limeanza kuchoka. Anayeyachuma maua saa za alasiri, yangali yamefumba, na kuyatandaza juu ya nguo wakati wa kulala, hupata harufu yote, na nguo huinywa. Wazee wetu waliyajua haya kwa kuyatazama maua yenyewe.

Jambo lingine walilolijua ni kwamba ua la asumini halipendi moto. Mwaridi huchemshwa ukatoa maji mazuri, lakini asumini ikichemshwa harufu yake huharibika. Ndiyo maana asumini hulazwa kwenye nguo au kwenye mafuta, haipikwi. Mafundi wa mji wa Grasse huko Ufaransa, uliosifika kwa manukato, walifuata njia hiyo hiyo. Walipaka mafuta ya kuganda juu ya vioo, wakayapanga maua ya asumini juu yake, wakawa wanayabadili kila siku mpaka mafuta yakashiba harufu. Tofauti ni kwamba wao walitumia mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe. Huku kwetu hutumiwa mafuta ya nazi au ya ufuta, ambayo Mwislamu hana wasiwasi nayo.

Lakini haki isemwe. Mikono iliyoyachuma maua yale ya Mtoni, ikatandaza nguo na kushika vyetezo, haikuwa mikono ya mabibi. Ilikuwa mikono ya wajakazi, watu waliochukuliwa makwao kwa nguvu kama alivyochukuliwa mamake Salme mwenyewe. Bibi Salme alikua akiyaona hayo kuwa mambo ya kawaida, na hata alipokuwa mtu mzima alikiandika kitabu chake kwa kuutetea utumwa wa Mashariki. Katika jambo hilo hatuwezi kumfuata. Manukato mazuri hayafuti dhuluma iliyoyatengeneza.

MFUPA WA NGAMIA

Alipofika umri wa miaka saba hivi alihamia mjini pamoja na mamake, katika nyumba ya nduguye Seyyid Majid iitwayo Beit el Watoro. Huko alijifunza kupanda farasi na kupiga bunduki. Baadaye akahamia Beit el Thani, alikokaa dadake, Bibi Khole, aliyempenda mno.

Siku zile mabinti walifundishwa kuisoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Salme hakukubali kubaki hivyo. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi, akajifundisha kwa siri kwa kunakili herufi za Msahafu mpaka mkono ukazoea. Lau asingefanya hivyo, habari zote hizi za Mtoni zingepotea pamoja na waliozijua.

Mwezi wa Oktoba 1856 babake alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirejea kutoka Oman. Salme alikuwa na miaka 12. Akapata urithi wake wa fedha na shamba. Mwaka wa 1859 kipindupindu kiliingia Unguja kikamchukua mamake. Mwaka huo huo ndugu waligombania utawala. Seyyid Barghash alitaka kumwondoa Seyyid Majid, na Salme, mwenye miaka 15 tu, akavutwa na dadake Khole upande wa Barghash. Kwa kuwa alijua kuandika, akawa karani wa uasi. Kalamu aliyojifundisha kwa siri ikamtia katika fitina ya wakubwa. Waingereza walimsaidia Majid, uasi ukavunjika, na Barghash akapelekwa Bombay.

Baada ya hapo Salme alikaa shamba, kwanza Kizimbani, kisha Bububu karibu na bahari. Maisha ya Bububu yalimpendeza sana. Lakini ilimbidi aiache nyumba ile kwa sababu balozi wa Kiingereza aliitaka, na Seyyid Majid akamwomba dadake aridhie. Akarudi mjini. Baadhi ya jamaa walikuwa bado wamemnunia kwa sababu ya uasi, na upande wa pili Bibi Khole hakumsamehe kwa kupatana tena na Majid.

KUTOKA UNGUJA

Nyumba aliyokaa mjini ilikuwa karibu na nyumba ya kijana wa Kijerumani aliyeitwa Rudolph Heinrich Ruete, mfanya biashara wa kutoka Hamburg. Wakajuana, wakapendana, na mambo yakafika pasipofichika. Binti wa Seyyid alikuwa na mimba ya mtu asiyekuwa wa dini yake. Katika Unguja ya siku zile jambo hilo lingeweza kumgharimu roho.

Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka usiku akapanda manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, ikampeleka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume na kumngoja Ruete afunge hesabu zake za biashara Unguja. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa. Wakaondoka kwenda Ulaya. Mtoto wao wa kwanza alifariki mchanga mwaka huo huo, safari ikiwa ingali mbichi.

Wako wanaosimulia habari hizi kwa kumlaani na wako wanaozisimulia kama ngano ya mapenzi. Sisi hatumhukumu, kwani hukumu ya mja iko kwa Mola wake. Tunachoweza kukiona ni hasara zake alizozitaja mwenyewe. Alikiri kwamba aliondoka kwao akiwa Mwarabu kamili na Mwislamu mwema, na kwamba huko alikokwenda hakupata kuwa Mkristo kamili wala Mjerumani kamili. Moyo wake ulibaki katikati, kama chombo kilichokosa upepo.

NCHI YA MADIRISHA YALIYOFUNGWA

Hamburg ni mji wa bandari kama Unguja, lakini kufanana kunaishia hapo. Salme aliyezoea baraza na roshani zilizo wazi kwa pepo za bahari alikuta nyumba za kufungwa, majiko ya makaa na theluji. Hakuijua lugha wala chakula, na watu walimtazama kama kioja. Katika barua ambazo zilichapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake, ameieleza baridi hiyo, upweke wake, na jinsi alivyoendelea kuikumbuka ibada ya kwao moyoni.

Katika nchi hiyo mwaridi huchanua majira ya joto tu, na mchungwa hauwezi kuishi nje wakati wa baridi. Hufungiwa katika nyumba ya vioo. Manukato yalikuwako, tena kwa wingi. Mji wa Cologne ulikuwa ukiuza maji yake ya kunukia tangu mwaka 1709, wakati Farina alipoanza biashara yake. Lakini hayo ni manukato ya chupa, yaliyochanganywa na spiriti na kununuliwa dukani. Si ua ulilolimwagilia maji jana na kulichuma leo.

Walizaliwa watoto watatu: Antonie, Rudolph na Rosalie. Kila mmoja alipewa na jina la Kiarabu: Thawka, Said na Ghuza. Hiyo ndiyo sehemu ya kwao aliyoweza kuwaachia. Kisha mwezi wa Agosti 1870 mumewe alianguka kutoka kwenye tramu ya kukokotwa na farasi, akafa baada ya siku chache. Mjane huyu hakuwa ametimiza hata miaka 26.

Hapo ndipo maisha yalipogeuka hasa. Mali ya mume ilipungua na urithi wa Unguja haukumfikia. Akahama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta mahali pa gharama nafuu. Bibi aliyekuwa akivishwa na wajakazi sasa aliipika na kuishona riziki ya watoto wake kwa mikono yake, na akasomesha Kiarabu ili apate cha kulipia. Mikono ilikuwa imejifunza kazi, lakini ua la kufanyia kazi ile ya kwao halikuwapo.

KITABU NA SAFARI YA KURUDI

Mwaka 1875 Seyyid Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mtawala wa Zanzibar, alizuru London. Salme alikwenda huko akitumaini kupatana na nduguye. Waingereza walizuia wasionane, kwa kuwa haikufaa siasa yao. Miaka 10 baadaye, mwaka 1885, Wajerumani walimleta Unguja pamoja na manowari zao. Walitaka kumtumia kumtisha Barghash ili akubali madai yao ya nchi za bara. Barghash aliposalimu amri, habari ya dada na urithi wake ikasahauliwa.

Baada ya miaka 19 aliiona tena pwani ya kwao. Watu wa mji walimzunguka njiani na kumsalimu kwa furaha, lakini kakake hakukubali kumwona. Mtoni, nyumba aliyozaliwa, aliikuta imeanza kubomoka na magugu yameota mahali palipokuwa na uhai mwingi.

Mwaka uliofuata, 1886, kitabu chake kilitoka Berlin kwa lugha ya Kijerumani. Alikuwa amekianza zamani kwa ajili ya watoto wake, ili wajue mama yao alitoka wapi. Humo ndimo yalimo mabafu ya Mtoni, michungwa, mavazi ya sikukuu, harusi, Ramadhani, na zile nguo zilizolala na maua. Hakuweza kuwapelekea watoto wake asumini, basi akawaandikia habari zake.

Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki. Hakupata kitu. Hapo akaiacha Ujerumani, akakaa Jaffa, mji wa Palestina uliozungukwa na mashamba ya michungwa, kisha Beirut. Kwa miaka mingi aliishi tena mahali panapoadhiniwa na panapochanua michungwa, ingawa hapakuwa kwao. Mwaka 1914 alirudi Ujerumani, na tarehe 29 Februari 1924 mauti yalimfika katika mji wa Jena, akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, alioutunza kwa miaka yote hiyo. Wakauzika pamoja naye.

KAZI YA MIKONO ILIYOBAKI

Majumba yale leo ni magofu au ni nyumba za makumbusho. Lakini ile elimu ya maua haikufa pamoja na Mtoni, kwa sababu haikuwa ya masultani peke yao. Ilikuwa na bado ni ya bibi wa kila nyumba mwenye ua wa kupanda miti miwili mitatu. Tuitaje kwa ufupi, kwa faida ya vijana.

Kwanza kuna kikuba. Chuma asumini zilizofumba saa za alasiri, vijitawi vya rihani na majani ya waridi. Ukipata mkadi au langilangi ni bora zaidi. Vifunge au uvitunge kwa uzi. Kikuba huvaliwa nyumbani au huwekwa chini ya mto, na kesho hufanywa kingine.

Pili ni mafuta ya asumini. Tia mafuta ya nazi au ya ufuta katika chupa safi yenye mdomo mpana. Weka ndani yake asumini kavu, zisizo na umande wala tone la maji, kwani maji ndiyo yanayooza mafuta. Funika, acha mahali pasipo jua. Kesho yake yatoe maua uyachuje, utie mengine mapya. Fanya hivyo siku saba au zaidi, mpaka mafuta yenyewe yanukie bila ua.

Tatu ni marashi ya mawaridi. Weka kipande cha tofali safi katikati ya sufuria, na juu yake bakuli tupu. Zunguka tofali kwa majani ya mawaridi yasiyopigwa dawa ya wadudu, na maji ya kuyafunika tu. Geuza kifuniko juu chini, na juu ya kifuniko tia maji baridi. Washa moto mdogo. Mvuke hupanda, hugonga kifuniko kilichopoa, hugeuka maji na kudondoka bakulini. Maji ya kifuniko yakipata moto yabadili, na uzime moto kabla sufuria haijakauka. Huko Jabal Akhdhar nchini Oman, kila mwaka mawaridi yanapochanua, watu hufanya kazi hiyo hiyo kwa majiko ya udongo na vyungu vya shaba. Na karne ya 9 huko Baghdad, mwanachuoni Yaaqub al-Kindi aliandika kitabu kizima cha manukato chenye njia zaidi ya 100.

Marashi na mafuta haya hayana spiriti. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya manukato yenye spiriti, na wako Waislamu wengi wanaopenda kujiepusha nayo, hasa wanapokwenda kuswali Ijumaa. Aliyeyatengeneza mwenyewe anajua alichokitia.

MAKOPO YA HOMA BAY

Turudi bara tulikoanzia. Baadhi ya watu wa pwani walioko Migori, Homa Bay na Kendu Bay, ambako uko msikiti wa zamani wa Tawakal, hulalamika kwamba huko hakuna manukato ya kwetu isipokuwa yaletwayo na mabasi. Malalamiko hayo hayana msingi. Joto la kando ya ziwa na mvua zake zinatosha kwa asumini na rihani. Tena wenyeji wa huko wana elimu yao wenyewe ya majani yanukiayo. Kisiwani Rusinga watu wamezoea kutumia mirihani ya porini nyumbani kufukuza mbu, na wataalamu walipolichunguza jambo hilo walikuta kweli majani hayo hupunguza mbu. Mtu wa pwani anayemwuliza jirani yake Mjaluo juu ya majani hayo hatakosa la kujifunza, na jirani hatakosa la kuuliza juu ya kikuba.

Mche wa asumini hauna masharti makubwa. Kata kitawi kisicho kichanga sana, urefu wa shubiri moja, kipande katika udongo wenye unyevu, kivulini, mpaka kitoe majani mapya. Kisha kihamishe kwenye jua. Kopo la mafuta lililotobolewa chini linatosha.

Bibi Salme alizaliwa na michungwa mbele ya bafu lake na wajakazi wa kumtandazia maua, na safari ilipomtoka ghafla, usiku, aliondoka bila mche hata mmoja. Alichoweza kubaki nacho ni kumbukumbu, akaiandika, na kimfuko cha mchanga usioota kitu. Yule mama wa Homa Bay hana jumba wala mjakazi. Ana makopo manne ya udongo. Nilipoagana naye alikuwa akiyachuma yale asumini yangali yamefumba, na binti yake wa miaka tisa au kumi ameshika uzi, akingoja kufundishwa kutunga.